Msitu wa Mau Juu ya Meza

Mwaka 2006, kijijini Nessuit karibu na Njoro, Waogiek wa Kenya waliujenga msitu wao wa Mau Mashariki kwa kadibodi, gundi, uzi, pini na rangi. Kazi iliongozwa na shirika la ERMIS Africa pamoja na kituo cha CTA cha Wageningen, Uholanzi, kwa njia ambayo mtaalamu wa ramani Giacomo Rambaldi alikuwa ameikuza Ufilipino katika miaka ya 1990. Miaka mitano kabla ya hapo, serikali ilikuwa imeziondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwenye hifadhi ya msitu ili watu wagawiwe ardhi. Uamuzi huo ulichorwa kwenye ramani bapa ambazo wenye msitu hawakuwa na sauti ndani yake.

Ramani bapa huonyesha mwinuko kwa kontua, yaani mistari ya kimo kimoja, na kontua husomwa na aliyefundishwa. Mzee anayejua kila kijito kuanzia mabondeni hadi kileleni anaweza kuitazama karatasi hiyo asiambulie kitu. Kwa Waogiek hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu riziki yao imepangwa kwa mwinuko. Maua hayachanui wakati mmoja bondeni na mlimani, kwa hiyo mrina asali hupanda na kushuka kufuata msimu, na ardhi ya ukoo hupita katika kanda kadhaa za msitu. Ukiuondoa mwinuko, umeondoa mantiki yote ya umiliki huo, na mpimaji atadhani familia inadai vipande visivyohusiana.

Skeli iliyochaguliwa ilikuwa 1:10,000. Hapo sentimita moja ni mita 100, na sentimita moja ya mraba ni hekta moja kamili. Kontua hutolewa kwenye ramani rasmi na kukuzwa, kila mstari unanakiliwa kwenye kadibodi yake, unakatwa, kisha matabaka yanagandishwa moja juu ya jingine. Kazi hii ya kunakili na kukata kwa kawaida hupewa wanafunzi wa shule za jirani. Kontua zikiachana mita 20, kadibodi ya milimita 2 inatosha, na kilima kinasimama kwa kipimo kilekile cha upana wake. Mau yenye miinuko mingi inafaa sana kwa njia hii. Kwenye delta ya mto Tana mambo yangekuwa magumu: ardhi ni tambarare mno, ingebidi kimo kikuzwe mara kadhaa, na watazamaji waelezwe wazi kwamba kimekuzwa.

Modeli ikishakauka ni milima mitupu, na hapo zamu inawafikia wazee. Kwangu mimi, hatua nzito kuliko zote ni ya ufunguo wa ramani, ambao hukubaliwa kabla pini ya kwanza haijachomwa. Kisichomo kwenye ufunguo hakitaonekana popote. Ufunguo ukiandikwa ofisini kwa maneno matatu, yaani msitu, shamba na makazi, basi mti wenye mzinga unakuwa msitu tu na mpaka wa ukoo unatoweka. Nessuit wazee walienda mbali zaidi: waliujenga msitu kama walivyoukumbuka na kusimuliwa, ukiwa katika hali ya miaka ya 1920. Pini zikawa alama za mahali, uzi ukawa mito, njia na mipaka, rangi ikawa uoto. Mzee mmoja akikosea kijito, mwenzake wa ng'ambo ya pili anamsahihisha papo hapo, mbele ya wote. Uhakiki wa namna hiyo huupati kwa kumhoji mtu mmoja mmoja nyumbani kwake.

Baadaye modeli hupigwa gridi ya nyuzi, hupigwa picha kutoka juu, na alama zake huingizwa kwenye kompyuta zikiwa na majiranukta yake halisi. Mipaka ya usahihi iheshimiwe hapa. Pini yenye kichwa cha milimita 4 inafunika mita 40 za ardhi. Hiyo yatosha kupanga kanda za msitu, vyanzo vya maji na maeneo ya koo. Haitoshi kuamua mpaka wa ua kati ya majirani wawili. Kazi hiyo ni ya mpimaji na vifaa vyake. Na kwa kuwa modeli huweka wazi mizinga na mahali patakatifu, wenyewe ndio waamue kipi kiingie kompyutani na nani akione.

Siku hizi droni huleta sura ya ardhi ya pande tatu kwa siku chache, kwa usahihi ambao kadibodi haiwezi kuufikia. Naikaribisha, ila droni haijui ukoo gani hurina wapi, na picha yake hukaa kwenye skrini ya mtaalamu. Modeli inabaki kijijini, ambako mtoto anaweza kuigusa.

Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliiamuru Kenya ishauriane na Waogiek, iweke mipaka ya ardhi yao na kuwapa hati. Watakaotumwa kutekeleza amri hiyo wasianze na vifaa vya upimaji. Waanze kwa kukaa na wazee kuizunguka modeli, wakubaliane ufunguo, ndipo mpimaji aitwe.