Siri ya Mgonjwa si Mada ya Mimbari

Wapo wanaohoji: kwa nini kijana anayetibiwa uraibu wa heroini asitajwe msikitini, ili wengine wapate funzo? Hoja hii tunaipinga. Ni kweli Imamu Nawawi, Allah amrehemu, katika Riyadhus-Salihin ameorodhesha sababu sita zinazohalalisha kusengenya, tahadhari ikiwemo. Lakini ruhusa hiyo hupimwa kwa haja, na huyu yumo mbioni kuliacha ovu. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Akihofia kutangazwa, atakatiza dozi na kurudia sindano. Tarime na Serengeti, ambako watu hujuana kwa koo, siri ikivuja huaibisha ukoo mzima. Maimamu wetu, tukemee dawa za kulevya, tusitaje majina. Wallahu a'lam.