Ufundi wa Kuilinda Rangi

Anayeishi baina ya Tegeta na Saadani hahitaji kuelezwa kazi ya chumvi. Komeo la dirisha hugoma kufunguka nyumba ikiwa bado mpya. Misumari ya bati huchuruzisha kutu ukutani. Baiskeli iliyosahauliwa uani msimu mmoja huamka na mnyororo uliokakamaa. Upepo wa baharini, uwe wa kusi au wa kaskazi, hauji mikono mitupu: hubeba chembe za maji ya bahari ambazo zikikauka huacha chumvi, na chumvi ina tabia ya kufyonza unyevu wa hewani na kukaa nao. Chuma chenye chumvi hubaki na umande wake hata siku isiyo na wingu. Hapo kutu haingoji mvua.

Kwa hiyo gari lililokaa Bagamoyo miaka kumi na boneti yake bado inaakisi minazi halikufika hapo kwa bahati. Kuna mkono uliolishughulikia, na mkono huo ndio ninaotaka kuusifu. Tumezoea kumwita fundi yule anayeunda: anayechonga mlango, anayejenga ukuta, anayenyoosha bodi iliyobonyea. Anayekilinda kilichokwisha kuundwa tunamwita mwoshaji tu, au mtu mwenye muda wa kupoteza. Mimi naamini kutunza ni ufundi kamili, wenye elimu yake, vipimo vyake na uhodari wake, na watu wa pwani hii waliumiliki muda mrefu kabla gari la kwanza halijateremshwa melini.

Tuanze na kinachotunzwa. Rangi ya gari la leo si koti moja. Bati hupakwa kwanza dawa ya kuzuia kutu, kisha prima, kisha rangi yenyewe inayotupa wekundu au weusi, na juu kabisa huja klia, tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo tunaloligusa tunapogusa gari. Matabaka hayo yote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na katika milimita moja mna mikroni 1,000. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 40 au 50. Unywele wa kichwani huzunguka mikroni 70. Kati ya jua la Bagamoyo na rangi ya gari lako pana kitu chembamba kuliko unywele, na anayelijua hilo hawezi tena kulisugua gari kwa pupa.

Tabaka hilo lina maadui wengi. Mionzi ya jua huivunjavunja klia taratibu, ndiyo maana paa na boneti hupauka na kubanduka magamba meupe wakati milango ingali mizima. Kunguru wa mjini, ambao asili yao waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kumaliza taka, leo wamejaa kila mwembe wa pwani. Kinyesi chao kina asidi, na jua la adhuhuri hukipika juu ya klia mpaka kiache kovu. Mwembe wenyewe nao si rafiki wa moja kwa moja. Kivuli chake huokoa rangi na jua, lakini utomvu wake hudondoka matone yanayonata, na yakikaa siku kadhaa huila klia. Mwenye gari wa Bagamoyo huchagua kila siku baina ya jua na utomvu. Vyovyote achaguavyo, dawa ni wepesi: kitambaa kilicholowa kiwekwe juu ya doa mpaka lilegee, kisha lifutwe polepole. Ukucha usiguse.

Sasa mtazame fundi akiwa kazini. Anaanza alfajiri, bati likiwa bado baridi, maana sabuni ikikauka juani huacha alama zake. Kabla ya kitambaa chochote kugusa rangi, gari zima linamwagiwa maji mengi, kwa kuwa vumbi la Mapinga na mchanga wa ufukweni ni msasa, na mwenye kuusugua juu ya klia anajikwaruzia gari lake mwenyewe. Anaelekeza maji chini ya madigadi na tumboni mwa gari, penye matope yaliyobeba chumvi, na anazibua matundu madogo ya chini ya milango ambayo mchanga huyaziba mpaka maji yakalala ndani. Kutu ya pwani hupenda pasipoonekana. Maji nayo huchaguliwa. Ya kisima cha karibu na bahari mara nyingi yana chumvi; yanafaa kung'oa tope, lakini ya kusuuzia mwisho yawe ya bomba yatokayo Mto Ruvu, au ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa.

Ndoo zake ni mbili. Moja ina maji ya sabuni ya gari, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila anapomaliza eneo moja, ili mchanga ubaki ndoo ya pili usirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia haiingii hapa, wala ya vyombo: kazi ya sabuni ya vyombo ni kung'oa mafuta, na itang'oa pia waksi iliyopakwa mwezi uliopita. Anaosha kutoka paa kushuka, kwa sababu uchafu mzito hukaa chini. Kitambaa kikianguka ardhini hakiokotwi kuendelea na kazi. Kinawekwa kando, kinachukuliwa kingine. Ukimwona mtu akifanya hivyo bila kuambiwa na yeyote, ujue uko mbele ya fundi.

Gari likishatakata kwa macho, vidole huulizwa. Fundi anauvika mkono wake mfuko mwembamba wa nailoni na kuupitisha juu ya boneti, na papo hapo mkono unasikia chenga ambazo jicho halikuziona: ukungu wa rangi uliopeperushwa kutoka gereji ya jirani, utomvu uliokauka, unga wa chuma unaotoka kwenye breki na kujichoma ndani ya klia. Hizi huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaofinyangwa bapa na kutelezeshwa juu ya maji ya sabuni bila nguvu. Mwanzo mkono unasikia mkwamo na sauti ya mparuzo. Baadaye mkwamo unaisha, sauti inanyamaza, na udongo unateleza wenyewe.

Ndipo zamu ya polishi. Weka gari jeusi juani na utaona mikwaruzo myembamba imelizunguka jua ndani ya rangi, mfano wa utando wa buibui. Kwa kweli mikwaruzo hiyo imetapakaa kila upande. Jua huidhihirisha ile tu iliyokaa mkao wa kulirudisha kwenye jicho, ndiyo maana ukihama, utando nao unahama. Wengi hudhani polishi huijaza. Zipo za kujaza, lakini polishi ya kweli hufanya kinyume: ina chembe laini za kukwangua, nazo huteremsha uso wa klia mpaka kingo za mkwaruzo zilainike na mwanga urudi umenyooka. Kila unapopiga polishi unapunguza ile ngao nyembamba. Bandu bandu humaliza gogo, na kompaundi kali mikononi mwa mtu mwenye haraka huimaliza klia ya kwenye kona na mikunjo ya bodi kwa dakika chache. Kwa hiyo fundi hujaribu kwanza ile laini kuliko zote, kwenye kipande kisichozidi kiganja, kisha hutazama. Ikitosha, haongezi ukali. Mikwaruzo mirefu inayonasa ukucha huiacha ilivyo. Kujua pa kusimama ni sehemu ngumu ya kazi hii, na ndipo ninapoupendea zaidi ufundi huu: ubora wake hupimwa hata kwa kile ambacho mkono ulijizuia kukifanya.

Waksi huja mwisho, nayo haikwangui kitu. Hulala juu ya klia iwe ya kwanza kuliwa na jua na chumvi. Ile inayosifiwa zaidi hutokana na nta ya kanauba, ambayo hupatikana kwenye majani ya mtende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Sisi tuna nta ya nyuki, na ya misitu ya miombo ya Tabora imesafiri kupitia pwani hii kwenda ng'ambo tangu zamani. Tofauti ya nta hizi mbili ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi, kanauba huvumilia mpaka 82 au zaidi, na boneti nyeusi iliyoachwa kwenye jua la Februari inaweza kuvuka 70. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huchanganya: kanauba kwa ugumu, nta laini kwa wepesi wa kupaka. Inapakwa kidogo sana, kipande kwa kipande, inaachwa ikauke mpaka iwe ukungu mweupe, kisha inafutwa kwa kitambaa kikavu kinachogeuzwa kila mara. Anayepaka nene hapati ulinzi zaidi, anapata jasho. Kwa jua letu itadumu wiki chache, kisha matone ya maji yaliyokuwa yakijikunja mviringo juu ya boneti yataanza kutandazika, nawe utajua wakati umewadia. Siku hizi kuna kinga za seramiki zinazodumu muda mrefu zaidi, lakini hata hizo hudai rangi iliyooshwa na kusawazishwa kwanza. Hakuna kopo linaloruka hatua.

Nimesema pwani iliumiliki ufundi huu kabla ya gari. Nenda ufukweni Bagamoyo maji yanapokupwa, utazame majahazi na mashua zilizolala ubavu mchangani. Vyombo hivyo viliishi kwa sababu ya kupakwa. Mianya ya mbao ilitiwa kalafati ya pamba na mafuta. Sehemu inayozama ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Kazi ilipangwa kwa kalenda ya bamvua, chombo kipande juu maji yanapojaa sana na kishuke kabla maji hayajawa mafu. Nahodha hakusubiri mbao zioze ndipo apake. Alipaka kwa sababu zilikuwa bado nzima, na hiyo ndiyo kanuni nzima ya ulinzi: huanza pale ambapo hakuna cha kurekebisha.

Liko jambo jingine ambalo mwenye gari wa hapa anastahili kulijua. Ardhi ya mrima, huku Bagamoyo na kusini zaidi, ilikuwa na sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliozama ardhini na kukaa mpaka ukawa mgumu. Wachimbaji, Wazaramo wengi miongoni mwao, waliifukua kwa majembe. Ile mbichi ya mtini, chakazi, ilikuwa ya bei ndogo. Iliyotafutwa ni ya kufukuliwa, iliyotambulika kwa vipele vidogo vilivyofunika uso wake ikishasafishwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeanzia safari yake ya bara Kaole mwaka 1857, aliieleza biashara hiyo kwa kirefu. Marekani ilikwisha kufunga mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, mwaka 1833, na wafanyabiashara wa mji wa Salem waliibeba sandarusi ya Zanzibar na mrima hadi kwao. Huko iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi ngumu yenye mng'aro uliotafutwa na mafundi wa magari ya farasi.

Magari ya kwanza ya mota yalirithi vanishi na desturi za mafundi hao: koti juu ya koti, kusugua, kungoja, kazi ya wiki kadhaa kwa gari moja. Mwaka 1923, General Motors ilipoonyesha magari ya Oakland yaliyopakwa Duco, rangi ya DuPont iliyokauka kwa muda mfupi sana, zama za vanishi ya utomvu zikaanza kufifia kwenye magari. Lakini kwa miongo mingi mng'aro wa barabara za mbali ulikuwa na jasho la shimo la mrima ndani yake. Malighafi ilitoka kwetu. Elimu ya kuiyeyusha na kuipaka ilibaki kwao, pamoja na sehemu kubwa ya faida. Ndiyo maana nafurahi nikiona kijana wa hapa anajua kwa nini anapaka, joto gani waksi itastahimili, na klia kiasi gani imebaki. Elimu hiyo ndiyo sehemu ya biashara tuliyochelewa kuishika, na haidai kiwanda kuanza nayo.

Tena ni elimu inayolipa. Magari yetu mengi hutufikia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na tunatarajia yatumike tena miaka mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kokoto ya lori ikidonoa rangi mpaka bati, tone la rangi kwa brashi ndogo siku hiyohiyo huzuia kutu ambayo mwakani itadai pati, msasa na kompresa. Vijana wanaoosha magari kuanzia Bunju hadi Dunda wanaweza kuwa mafundi wa kazi hii wakipewa maji yasiyo na chumvi, vitambaa safi, mafunzo na muda wa kuifanya sawasawa, kisha wakalipwa kama mafundi. Anayemlipa mpiga rangi laki kadhaa bila kunung'unika, halafu akavutana na mwoshaji kwa shilingi elfu mbili, hajaona bado kwamba huyu wa pili ndiye angemwepusha na gharama za yule wa kwanza.