Jina la Leso na Kazi ya Herufi Nene

Ukipita Mtaa wa Biashara, Mombasa, pembezoni mwa Mji wa Kale, leso zilizotundikwa madukani hukuvuta kwa rangi, kisha kwa pindo na mji, yaani uwanja wake wa kati. Uchapaji wenyewe uko kwenye jina: ule mstari mmoja wa herufi kubwa, nene, zenye kona, juu ya pindo la chini. Nimeona wachambuzi wengi wakieleza maana ya majina. Umbo la herufi hupitwa tu, nalo limebeba ufundi mkubwa.

Majina ya zamani yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na baadaye herufi za Kirumi zikashika nafasi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa sana katika historia hiyo ya mwanzoni mwa karne ya 20.

Kisanduku cha jina ni chembamba. Kwa herufi ndogo, g, j, p na y hushusha mikia, b, h na k hupandisha vichwa, na mwandishi hulazimika kupunguza maandishi yote ili yaenee. Herufi kubwa zina kimo kimoja, basi hujaza kisanduku toka juu hadi chini. Unene nao una sababu yake. Rangi ikigusa pamba hutambaa. Herufi ikiwa nyeupe ndani ya uwanja mwekundu, wekundu huila kutoka pande zote, na mstari mwembamba hupotea kabisa. Na jina husomwa na anayekuja nyuma, nguo ikiwa mwilini, ina mikunjo, inatembea.

Ugumu hasa uko kwenye A. Kiswahili kimejaa A, na A nene ina tundu dogo linaloziba upesi. Tena mabega yake yameinama: iweke kando ya T, W au Y, pengo hubaki wazi kama neno limekatwa. Anayepanga jina vizuri husogeza herufi hizo kwa jicho, hategemei nafasi sawa.

Kwa kuwa leso inabeba ufundi wote huu wa herufi nene, huniuma kuona bango la utalii wa pwani likiandikwa kwa fonti nene ya Neuland. Mbunifu wa herufi Rudolf Koch aliitoa huko Ujerumani mwaka 1923, akichonga herufi moja kwa moja kwenye chuma bila michoro ya awali. Ni kazi ya kiwango cha juu, lakini haikuzaliwa Afrika. Wachapishaji wa Marekani na Ulaya ndio walioizoesha kuwa sura ya bara hili, pamoja na misitu na wanyama wake, na sisi tukaipokea.

Mbunifu wa Mombasa anayetaka fonti nene ya kwetu ana leso mbele yake. Aanze na A, na jozi zake ngumu: TA, WA, YA. Kisha aichape kwenye pamba, aifue, na aangalie kama matundu bado yako wazi.