Hotuba ya Portia, mate ya Antonio

Mtajie msomaji Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, na mara nyingi atakumbuka vitu viwili: ratili ya nyama, na hotuba ya Portia kuhusu huruma. Wengi wanaichukua hotuba ile kuwa ndiyo roho ya Kikristo ya tamthilia nzima. Mimi nimeisoma mara tatu sasa, na kila nikirudi naiamini kidogo zaidi. Simaanishi maneno yake. Namaanisha wanaoyashangilia.

Portia anaisifu huruma kwa lugha ya wafalme: taji, fimbo, kiti cha enzi. Halafu anagusa sala, kwamba anayeomba kurehemiwa anafundishwa na sala hiyohiyo kuwarehemu wenzake. Sawa kabisa. Ila anamwambia nani? Shylock, Myahudi. Waliokuzwa na sala hiyo wamejaa mahakamani, kimya, wanasubiri mwingine aitekeleze.

Na wao walikuwa na nafasi ya kuitekeleza kila siku. Huko Rialto, sokoni, Antonio alikuwa akimtemea Shylock mate na kumwita mbwa. Siku anapokwenda kwake kukopa dukati 3,000 anakumbushwa hayo, na anajibu, bila hata kupepesa macho, kwamba huenda akamtemea tena. Jamani, huyu ndiye mtu mwema wa hadithi! Rafiki zake wote wanamsifu kwa moyo wake, na ni kweli ana moyo: anawakopesha watu bila riba, anaweka mwili wake rehani kwa ajili ya Bassanio. Lakini ukarimu wake unaishia kwa watu wake.

Simtetei Shylock. Mtu anayenoa kisu kwenye soli ya kiatu chake mbele ya mdaiwa, na kukataa deni lilipwe mara mbili, amekusudia kuua. Lakini ni yeye anayeuliza swali zito kuliko yote mle ndani: nyie Wakristo mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda, mbona hamwambiwi muwaachie huru, muwaoze watoto wenu? Hakuna anayemjibu. Mtawala wa Venisi anageukia suala la mwanasheria aliyemwita. Kwangu hapo ndipo tamthilia inapofika kileleni, siyo kwa Portia.

Kibao kikigeuka, Gratiano anapendekeza kitanzi. Mtawala anamwachia Shylock uhai. Antonio, akiulizwa na Portia ana huruma gani ya kumpa, anataka mambo mawili: Shylock abatizwe, na akifa mali yake iende kwa binti yake Jessica na Lorenzo aliyetoroka naye. Yaani ubatizo unageuzwa adhabu, na anayeutoza anaona amefanya hisani. Wapo wanaosema watazamaji wa zama za Shakespeare waliona kweli ni hisani, roho imeokolewa. Inawezekana. Ila mwandishi amempa Shylock neno la mwisho la mtu mgonjwa anayeomba ruhusa aende nyumbani, na hilo haliendani na sherehe.

Baada ya hapo tunahamia Belmont: mbalamwezi, muziki, utani wa pete. Hakuna anayeuliza Shylock anaendeleaje. Anatajwa karibu na mwisho, Nerissa anapomkabidhi Lorenzo hati ya urithi, na Lorenzo anafurahi kama aliyedondoshewa mana.