Sifa za Mchujaji wa Maabara

Watu wengi huistahi mizani ya maabara, kwa kuwa ndiyo itoayo tarakimu ya mwisho, na ni wachache waulizao tarakimu hiyo ilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika pale. Katika kazi ya kupima mafuta ya mkate, jibini na chakula cha mifugo, mimi naona astahiliye taadhima ya kwanza ni yule asimamaye mbele ya tindikali ichemkayo na faneli itonayo.

Mwaka 1879 Franz von Soxhlet alitangaza chombo chake cha kukamulia mafuta kwa etha, nacho hakijachakaa hata leo. Lakini etha, pamoja na wepesi wake wote, haina nguvu juu ya mafuta yaliyofungamana na protini na wanga, hasa katika vitu vilivyokwisha kupita motoni. Mafuta hayo yamo, na mlaji atayapata, ilhali kipimo kitayakana. Hapo ndipo tindikali ya chumvi huitwa ije kuvunja vifungo hivyo, tendo ambalo wataalamu huliita haidrolisisi.

Gramu 2.5 za sampuli iliyosagwa hutiwa mililita 100 za tindikali yenye moli 3 kwa lita, pamoja na vijiwe vyepesi vya volkano vya kutuliza mchemko, zikachemka polepole kwa saa 1. Polepole, nasema, kwa sababu moto wa pupa huirusha sampuli juu ya kuta za kioo, na chembe iliyoganda huko tindikali haiifikii tena.

Lakini kiini cha sanaa hii ni kuchuja. Mpishi wa pwani achujaye tui hulitaka lile lipitalo, na machicha huyaweka kando; hapa mambo ni kinyume, kwani kitakiwacho ni kile kibakicho juu. Kwa hiyo mchanganyiko hupozwa kwanza, ukatiwa unga maalumu wa kuyashika mafuta, na karatasi mbili za kuchujia, zisizo na mafuta, hulowanishwa kabla ya kupokea kitu chochote, maana karatasi iliyokwisha kunywa maji huyazuia mafuta, na iliyo kavu huyafyonza na kuyapitisha. Kisha maji baridi humiminwa, mara baada ya mara, hadi tone lidondokalo lishindwe kuigeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu. Aoshaye nusu nusu haonekani na mtu saa ile. Ila karatasi yenye tindikali, ikiingia katika oveni ya nyuzi 100, hutoka imepiga weusi kingoni na kumeguka inapoguswa na koleo. Na hata yale maji yaliyochujwa hayamwagwi bila ya kutazamwa: utando wa mafuta ukielea juu yake, ni dalili kwamba sampuli ilikuwa na mafuta mengi mno, nayo yapasa kuanzwa upya kwa kukamuliwa na etha kabla ya kukutana na tindikali.

Siku hizi ziko mashine zichemshazo, zichujazo na kuosha sampuli kadhaa kwa pamoja, nazo nazisifu kwa dhati, kwani zimeyaepusha mapafu ya watu na mvuke mkali. Hata hivyo mashine haijui kama sampuli ilisagwa laini, wala haitambui daima kwamba chujio limezibwa na wanga. Hayo hungoja jicho la mwendeshaji, na uaminifu wake.

Baada ya hayo karatasi hukaushwa, ikapelekwa kwenye chombo cha Soxhlet kwa saa 6. Mafuta yaliyopatikana hukaushwa na kupimwa, yakarudishwa ovenini nusu saa na kupimwa tena, hadi tofauti ya vipimo viwili isizidi miligramu 1. Ndipo huandikwa daftarini kiasi ambacho mfugaji atakilipia.