Utamu wa Kungojeshwa

Mwandishi wa riwaya anajua jibu tangu ukurasa wa kwanza, nasi anatunyima. Ufundi wake wote umo humo. Akitunyima vibaya, tunafunga kitabu tukalala. Akitunyima vizuri, taa ya sola inakwisha chaji tungali tumeinama, na asubuhi ng'ombe wanachelewa kutoka zizini. Huku kwetu Susuni, kata ya Tarime iliyo karibu na mpaka wa Kenya, hakuna duka la vitabu vya hadithi. Riwaya huingia ndani ya begi la mwanafunzi shule zinapofungwa, au kwa mkono wa mtu aliyekwenda Mwanza kwa shughuli zake, na mara nyingi hufika jalada limekwisha kubanduka. Kwa hiyo tunachokisoma tunakisoma kwa zamu, na anayetangulia kumaliza hutishwa asifungue mdomo.

Nianze na Muhammed Said Abdulla, maana yeye hakuficha kwamba kazi yake ni kutungojesha. Mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, na mpelelezi Bwana Msa, kiko mkononi, anaanza kuulizauliza mambo ambayo kwa macho yetu hayana kichwa wala miguu. Wengi wamesema huyu ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja, na ukoo huo haufichiki. Ila msomaji wa Tarime hahitaji kupitia London ili amwelewe. Huku ng'ombe wakiibwa usiku, alfajiri wanaume hufuata nyayo, na kwa desturi kijiji ambamo nyayo zinaishia ndicho kinachotakiwa kujibu. Anayeongoza msafara hasemi sana. Anainama, anatazama jani lililokanyagwa, anapinda kushoto pale ambapo wewe ungeenda moja kwa moja. Waliomfuata nyuma wamepita juu ya jani lile lile. Wamelitazama pia. Kinachowauma baadaye ni kwamba hawakufichwa kitu.

Hiyo ndiyo haki ambayo msomaji anamdai mwandishi. Bwana Msa anapofumbua fumbo mbele ya watu, na Najum rafiki yake amebaki mdomo wazi kama sisi, tunatakiwa tuweze kurudi nyuma na kukuta kila kitu kilikuwepo, kimewekwa katikati ya porojo ambazo tulizisoma haraka haraka. Mwandishi anayemtoa muuaji mfukoni katika sura ya mwisho, mtu ambaye hatukupata hata kumsalimia, ametuibia. Kungojeshwa tumekubali. Kudanganywa ni jambo jingine.

Lakini maiti ni msaada mkubwa. Ukishamweka marehemu katika sura ya kwanza, msomaji atakufuata hata kama sentensi zako zinachechemea. Kazi ngumu ni kumngojesha mtu pasipo maiti, pasipo bastola, pasipo hata mwizi, na hapo sijaona wa kumshinda Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa ambacho sisi wa mkoa wa Mara tunakivukia kwa kivuko kutoka Kisorya. Riwaya yake ina jina refu kuliko hadithi fupi za watu wengine: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Jina lenyewe limeshafichua mambo, kwa kuwa Ntulanalwo na Bulihwali ni watoto, ilhali hadithi inapoanza Myombekere na Bugonoka hawana mtoto hata mmoja. Ndugu wa mume wanasimanga, wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao kwa hasira, na mume anabaki peke yake katika nyumba isiyopikwa. Akienda kuwaangukia wakwe, anatakiwa alete pombe ya ndizi.

Mwandishi mwenye haraka angesema akapeleka pombe, akarudishiwa mkewe, tuendelee. Kitereza anatupeleka migombani. Ndizi zikatwe, zivundikwe, zisubiriwe ziive, zikamuliwe, togwa lichachuke, na hakuna hata siku moja kati ya hizo inayoweza kukatwa, kwa sababu ndizi haijui kwamba Myombekere amemkumbuka mkewe. Mimi nilipofika kurasa hizo kwa mara ya kwanza nilitaka kuziruka. Nikajikuta nazisoma polepole kuliko zote. Hamu ya yule mwanamume haikutajwa kwa maneno makubwa, imepimwa kwa ndizi mbichi. Na watu wa huku wanazisoma kama mahakimu, kwa kuwa migomba tunayo uani na hatudanganyiki kirahisi: utasikia ubishi kuhusu muda wa kuvundika, kwamba Wakerewe wanafanya vile na sisi tunafanya hivi, na ubishi huo ni sehemu ya raha ya kitabu. Riwaya inayokufanya ubishane na mhusika wake kuhusu pombe imekwisha kuingia nyumbani kwako.

Kitereza aliumaliza mswada kwa Kikerewe mwaka 1945. Haukupata wa kuuchapa katika lugha hiyo. Akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35! Aliandika habari za kungoja kabla hajajua yeye mwenyewe atangojeshwa kiasi gani.

Kuna raha nyingine ambayo niliitambua jikoni kwa bibi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anatusomea kwa sauti Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, na bibi anachambua maharage kwenye ungo. Tulikuwa mwanzoni, pale Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mtu mzima mwenye duka, naye hamtaki. Bibi akauliza Raza alitoa ng'ombe wangapi. Tukamwambia, bibi, hawa ni watu wa mjini Unguja, hapana ng'ombe hapo. Akanyamaza, akatupa jiwe moja kutoka kwenye maharage, akasema basi kumbe ndiyo maana mtoto anakimbia. Mbele kidogo mdogo wangu akaanza kuruka mazungumzo ili afike upesi kwenye vituko. Bibi akamkatiza: "Mura, kijana wangu, hao watu walikuwa wanaongea. Umewanyamazisha wewe?"

Ikabidi arudi. Bibi hakuyafahamu maneno yote ya Kiunguja, nasi pia hatukuyafahamu yote, lakini hakupata shida kujua nani anabembeleza, nani anatega, nani amekasirika na anajifanya hajali. Adam Shafi ana sikio. Katika Kuli, ya mwaka 1979, makuli wa bandarini wanaongea mpaka unajua nani ana njaa kabla hajasema kwamba ana njaa, na mgomo unapokuja unakuwa umeshausikia ukikua katika vinywa vyao. Msomaji anayeruka mazungumzo anadhani anaokoa muda wake.

Ndiyo maana nina kinyongo na jinsi tunavyofundishwa riwaya. Kila aliyepita kidato cha nne analijua swali linaloanza na "Kwa kutumia riwaya mbili kati ya ulizosoma, jadili". Vitabu vinajulikana: Takadini, Joka la Mdimu, Watoto wa Mama N'tilie. Vinajulikana pia vijitabu vya uhakiki vinavyokupa dhamira, ujumbe na wahusika vikiwa vimeshapangwa kwa namba, tayari kwa kukaririwa. Nimekaa na vijana wanaoweza kukutajia dhamira za Takadini bila kupepesa macho, na hawajafungua kitabu chenyewe. Sekai amekaa miaka bila mtoto, anapata mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto auawe, mama anatoroka naye. Kwenye uhakiki hayo ni mistari miwili chini ya "nafasi ya mwanamke". Kijana amepewa jibu bila kukaa hata usiku mmoja porini na Sekai, halafu watu wazima wanakaa kwenye semina kulalamika kwamba kizazi hiki hakipendi kusoma.

Wale waliotupendezesha kusoma, tuseme ukweli, hawakuwa kwenye mtaala. Ni Elvis Musiba na Willy Gamba wake, ni Ben Mtobwa na Joram Kiango. Vitabu vyao vya upelelezi husomwa mara moja, kwa pumzi moja, na sioni aibu juu ya hilo. Siwezi kuvirudia, maana nikishajua nani kafanya nini hakuna ndizi za kunibakiza. Ila vilitufundisha kufunua ukurasa.

Euphrase Kezilahabi alifanya kinyume cha hao wote, na sijui kama alikuwa anatutania. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Hakuna fumbo ndani yake. Zakaria ni mlevi, ni mkali kwa binti zake, na tangu mwanzo unaona Rosa aliyelelewa kwa fimbo atafanya nini siku atakapokuwa mbali na fimbo. Tunajua sisi, yeye hajui. Tunachongoja ni kuona kama atajua mapema vya kutosha, na kungoja kwa namna hiyo kunachosha moyo kuliko kumtafuta muuaji, kwa kuwa unataka kupiga kelele ndani ya kitabu. Kisha mwandishi anaichukua kesi nzima na kuipeleka mbinguni, mbele ya Mungu. Huku kwetu wapo wanaolipenda hilo mno, na wapo wanaosema amekimbia. Niko na hawa wa pili. Mungu anamjua Zakaria, sawa, lakini majirani ndio waliokuwa wanasikia kipigo usiku, na mimi ningetaka kuona mwanamume yule amesimamishwa katikati ya iritongo, baraza la jamii yetu, mchana, wazee wamekaa, anaulizwa.