Swali limetumwa, jibu haliji

Watengenezaji wengi wa programu zinazotumia PostgreSQL huweka statement_timeout, kikomo cha muda wa swali, tuseme sekunde 30, wakalala usingizi. Saa hiyo iko kwa seva. Mchakato wa PostgreSQL ukifa peke yake si neno, kwani keneli ya seva hufunga muunganisho na mteja anajua papo hapo. Balaa ni mashine nzima kuzimika au mtandao kumeza pakiti kimyakimya: hakuna wa kumwambia mteja kwamba muda umekwisha, na kiendeshi hubaki kimeganda kwenye soketi.

Hapo watu hukimbilia keepalive, zile pakiti za kujuliana hali. Kwa chaguomsingi, Linux hutuma ya kwanza baada ya saa 2 za ukimya, kisha hurudia kila baada ya sekunde 75 hadi zifike 9 kwa jumla. Muda huo unapunguzika kwa keepalives_idle na wenzake ndani ya libpq, maktaba ya mteja ya PostgreSQL, lakini wengi hawajui kwamba pakiti hizi hazitumwi kabisa kukiwa na data ambayo upande wa pili haujakiri kuipokea. Seva ikipotea kabla swali halijafika, Linux huituma upya data ileile, kila safari ikirefusha pengo, hadi tcp_retries2 iishe. Chaguomsingi yake ni 15, yaani zaidi ya dakika 15. Mtumiaji ameshabofya tena na tena, na kila bofyo limeshika muunganisho mwingine.

Dawa ni tcp_user_timeout, kikomo cha muda wa data kukaa bila kukiriwa, iliyoingia libpq na PostgreSQL 12 mwaka 2019. Ilichelewa mno, maana Linux ilikuwa na uwezo huo tangu 2011.

Kiendeshi cha Java kina socketTimeout, ambayo chaguomsingi yake ni 0: subiri milele. Ukiiwekea muda mfupi haichagui, hata ripoti halali ya dakika 10 huikata. Iwekwe juu kidogo ya statement_timeout, ili seva ipate nafasi ya kusema kwanza. Muunganisho uliokatwa hivyo usirudishwe kwenye akiba ya miunganisho. Seva nayo huenda bado inachakata. PostgreSQL 14 ina client_connection_check_interval ya kuisimamisha, ila huja ikiwa imezimwa.

Ukimya ukitokea baada ya COMMIT kutumwa, hakuna mpangilio utakaosema kama muamala ulipita. Programu itafute kwanza namba ya kumbukumbu ya muamala huo kabla ya kurudia malipo.